Programu Iliyonivunjia Posa

Huku Tanga mwanamume akishapeleka posa hukaa kwao akanyamaza. Mdomo wote ni wa mshenga. Mimi, mwalimu mzima wa kompyuta, nikatoka Mabawa nikajipeleka mwenyewe Raskazone kwa mjomba wa binti niliyemposa, kisa nimesikia anaicheka programu yangu.

Baba wa binti alikwisha fariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la huyo mjomba, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye ulimi mkali. Nilimkuta barazani na jamaa zake, wanakunywa kahawa baada ya swala ya alasiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Eti programu yako inajua kama programu yoyote itasimama au itazunguka milele?"

"Inajua. Inaiendesha ndani yake hatua kwa hatua, inaitazama. Ikiona haina mwisho, inaikata na kutoa jibu."

"Vizuri. Nami nina yangu, Kaidi. Kaidi inaiuliza yako, 'Mimi nitasimama?' Ikiambiwa itasimama, inazunguka milele. Ikiambiwa haitasimama, inasimama papo hapo. Haya, jibu."

Mwenye akili angeaga. Mimi nikajibu kwa mbwembwe: yangu inaiendesha Kaidi, Kaidi inaiita yangu, yangu inaiendesha Kaidi tena, hakuna mwisho. Basi yangu inaikata, inasema haitasimama.

"Na Kaidi ikishaambiwa hivyo?"

Lo! "Inasimama," nikasema.

Baraza zima lilicheka. Nikabisha kwamba Kaidi ya ndani siyo ile ya nje, nikabisha mpaka jasho likanitoka, na dirishani nikasikia kicheko ninachokijua, cha binti mwenyewe. Hicho ndicho kilichoniuma.

"Na posa yangu, mjomba?"

"Tunaijadili. Kama mjadala hauna mwisho, si programu yako itakwambia?"

Nikangoja. Mama akisema wamekataa, namwambia bado wanajadili, hawajasema hapana. Kumbe Mabawa nzima ilikwisha jua, nimebaki mimi na kompyuta yangu.

Siku ya harusi ya yule binti, mama alialikwa. Alifungua sanduku, akatoa ile doti ya khanga niliyomnunulia mchumba, akajifunga.

"Mama, hiyo ya mwenyewe!"

"Mwenyewe yupi? Mwenzio kaulizwa swali lile lile, akasema, 'Sijui, mjomba.' Kapewa mke."

Alirudi na biriani kwenye mfuko. Niliikasirikia sana ile biriani, nikaila yote.