Jina la Bosi kwenye Mpira wa Irene

Nimeshapoteza hela kwa kamari, kwa bia na kwa kuwaamini wanasiasa. Lakini hapa mji mzima wa Toledo, mtu aliyefilisiwa na pamba ya kufutia rangi ya kucha ni mimi peke yangu.

Msicheke bado.

Mke wangu Irene alifariki Februari. Kaburini kwake kulikuwa na kibati tu cha watu wa mazishi, kama namba ya gari. Nikaapa theluji nyingine haitamkuta bila jiwe.

Cha kuuza kilikuwa kimoja: mpira wa besiboli aliorithi kwa baba yake, wenye saini ya Lefty Kosmalski, mrushaji mkali wa zamani aliyekufa kijana.

Bernadette, dada yake Irene, akanionya.

"Shemeji, upeleke kwanza kwa mhakiki wa saini. Mpira bila cheti mnadani ni bwana harusi bila suruali."

"Cheti cha nani? Waliofunga kiwanda chetu cha vioo nao walikuwa na vyeti."

"Walt, mhakiki hakufunga kiwanda."

"Wote ukoo mmoja hao."

Alipoondoka, nikaukagua mpira mwenyewe. Saini ya Kosmalski imefifia, maskini. Upande wa pili kuna muhuri mweusi, umekolea. Wa nani? Rais wa ligi, jina lake limepigwa chapa kiwandani.

Bosi! Maisha yake yote kakalia kiti, hajarusha hata kokoto, halafu jina lake ndilo linang'aa.

Mabosi, hata kwenye mpira mmo?

Nikaingia bafuni. Dawa ya Irene ya kufutia rangi ya kucha bado ipo, sijaweza kuitupa. Pamba kidogo, nikasugua, nikasugua. Bosi akayeyuka.

Nikajiona mwanamapinduzi. Nikajipongeza kwa kahawa.

Bernadette hakuniacha nipumue mpaka nikakubali kwenda kwa mhakiki. Tukamkuta mama mmoja mpole, Bi Pruitt, na lenzi yake.

"Saini naipenda," akasema. "Ila waigaji ni wengi, huandika kwenye mipira ya miaka ya baadaye, na kinachowaumbua ni muhuri. Kila rais wa ligi alikuwa na miaka yake. Jina likiwa la enzi za Kosmalski, mpira unajitetea wenyewe. Wa kwako umeenda wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Mzee, lilikuwa jina la nani?"

"La bosi."

"Bosi yupi?"

Hapo ndipo nikagundua sikulisoma. Nilisoma cheo tu, nikapandwa na hasira.

Bernadette kageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Wapi!

Cheti nikanyimwa. Mpira ukauzwa hivyo hivyo, kwa bei ya kutupa. Malaika wa marumaru niliyemtaka nikamsahau. Nikapata jiwe dogo la kijivu.

Fundi akaniuliza, "Mzee, nyuma kwa chini huwa tunachonga jina la mwenye kampuni. Wengine hawapendi. Tuliache?"

Bernadette akanitazama.

"Lichonge," nikasema. "Tena likolee. Siku moja mtu atataka kujua kama Irene wangu alikuwa wa kweli."

Wakubwa bado siwapendi, na sitawapenda. Ila siku hizi, kabla sijamfuta mtu, nasoma kwanza jina lake.