Maneno ya Dada Niliyoyameza

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimekaa kwenye benchi la hospitali na dada yangu Verediana, mimi nimevaa viatu vya kufunga kamba na yeye kandambili. Naanza na viatu kwa sababu siku ile nilivijali mno. Nilikuwa mwalimu wa kike, bado kijana, wa shule ya msingi, na nilidhani kila anayepita ananitazama mimi. Hospitali yenyewe siitaji jina. Waliokuwa wakifanya kazi pale wamestaafu, wengine wamekufa, na mimi sikuja hapa kufukua makaburi ya watu.

Dada alinizidi miaka minane. Kwetu ni Nyamigogo. Alipokuwa darasa la pili mama alijifungua mimi, akaugua muda mrefu, na Verediana akatolewa shule ili anibebe. Alinibeba mgongoni mpaka nikatembea, na nilipofika umri wa kusoma akanishika mkono mpaka mlangoni mwa darasa, kisha yeye akarudi shambani. Kiswahili chake kikabaki cha sokoni: bei gani, punguza, asante, shikamoo. Mengine yote aliyasema kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kisubi alikuwa mtu wa maneno hasa, mcheshi, hakuna aliyemshinda kwa utani wala kwa hoja. Mimi nikapata Kiswahili cha vitabuni, nikajiona nimepanda mlima kwa miguu yangu mwenyewe.

Aliolewa kijiji cha Nyantakara. Mimba mbili ziliharibika, miaka ikapita, halafu tumbo likaanza kukua. Mwanzoni majirani walimpongeza. Miezi ilipozidi kumi bila mtoto wakanyamaza, na ukimya ule ulimuuma kuliko tumbo lenyewe. Shemeji akampakia kwenye baiskeli, akamleta kwangu mjini. Kwetu ndivyo ilivyo mpaka leo: mtu akienda ofisini au hospitali, hutafutwa ndugu aliyesoma wa kumsemea. Ni heshima, na niliipokea kama heshima. Hakuna aliyenikumbusha kwamba ni mzigo pia.

Safari ya kwanza daktari alimpima, akasema ana uvimbe kwenye kizazi, na kwamba kizazi chote kitolewe. Akatuambia turudi baada ya wiki mbili. Katika wiki hizo dada akakutana kisimani na jirani yake, mama mmoja wa Kirundi, aliyewahi kuwa na uvimbe kama huo. Yule mama alikuwa ametibiwa upande wa Ngara, kwa daktari aliyekuja zama za kambi ya wakimbizi ya Benaco, na kambi ilipofungwa yeye akabaki. Daktari huyo alitoa uvimbe akakiacha kizazi. Baadaye yule mama akazaa mtoto wa kiume, na mtoto mwenyewe alikuwa palepale kisimani, mgongoni, ananyonya kidole. Dada alimwona kwa macho yake.

Basi aliporudi kwangu alikuwa na ombi moja tu. Daktari wetu amwandikie barua, aende Ngara, yule mwingine naye amtazame. Akisema vilevile, atarudi na kupasuliwa bila neno. Njia nzima ya kwenda hospitali alinikaririsha ombi hilo kama mzazi anayemtuma mtoto dukani. Nikamjibu kwa kujigamba kwamba nimesikia, kwamba mimi si mtoto.

Tukaingia. "Shikamoo, daktari," dada akasema, ingawa yeye ndiye aliyemzidi daktari umri. Daktari hakuitikia. Alifungua kadi, akaandika, akasema bila kuinua macho, "Alazwe kesho kutwa. Nani atasaini?"

Nikasema, kwa sauti ya mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, "Daktari, tulikuwa tunaomba barua. Dada angependa daktari mwingine naye amwangalie kabla ya kupasuliwa."

Kalamu ikasimama. "Mwingine wa wapi?"

"Wa Ngara."

"Nani kawaambia habari za Ngara?"

"Jirani yake."

"Jirani," akarudia, akamgeukia muuguzi aliyesimama mlangoni, wakacheka kidogo. "Basi akapasuliwe na jirani. Ila mgonjwa akitoka hapa kwenda kuulizauliza, asinirudie tena." Akaisukuma kadi mpaka ukingoni mwa meza. Kisha akanitazama mimi, akalegeza sauti. "Wewe si mwalimu? Wewe umesoma, unanielewa. Hebu mweleweshe huyu."

Hapo ndipo aliponipata, mwanangu. Laiti angenitukana, labda ningekasirika, na hasira ingenipa ujasiri. Yeye alinivusha tu, kwa neno moja, kutoka upande wa dada yangu nikawa upande wake. Nilisikia raha. Naona aibu kukwambia, lakini nilisikia raha.

Verediana alikuwa ameona kadi ikisukumwa. Akaniuliza amesema nini, nikamwambia amekataa. Basi akaanza kusema mwenyewe, kwa Kisubi, akimwangalia daktari usoni na si mimi. Alisema hamdharau, na kwamba anajua amewatibu wengi. Alisema amezika mimba mbili na kizazi hiki ndicho anachokiombea kila akipiga magoti. Wakisema neno moja madaktari wote wawili, atarudi alale juu ya meza yake bila kulia. Alisema, na haya ndiyo yaliyonikaa rohoni, kwamba anamwogopa daktari anapokasirika, lakini anaogopa zaidi kukatwa kitu ambacho huenda kingebaki. Alisema kwa utulivu, kwa mpango mzuri, maneno ambayo mimi na cheti changu nisingeweza kuyapanga.

Daktari akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Amekubali."

Maneno yake yote yale niliyameza, nikatema neno moja. Nilimwogopa daktari. Niliogopa pia kuonekana mshamba mbele yake, kwamba na mimi ni mtu wa habari za kisimani. Tulipotoka nje dada alisimama akaniuliza, "Mimi nimesema mengi, mbona wewe umesema kidogo?" Nikamjibu kwamba Kiswahili ni kifupi kuliko lugha yetu. Akatikisa kichwa kama mtu anayejifunza jambo jipya. Nikamwambia daktari amesikiliza yote lakini ameona hakuna haja ya Ngara. Kesho kutwa ilipofika walileta fomu na kidau cha wino, na mimi ndiye niliyemshika kidole gumba nikakibandika kwenye karatasi.

Alipasuliwa, akapona. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli. Kidonda kilifunga vizuri na maumivu yakaisha, na daktari yule alipita wodini kila siku kumwangalia. Hakuwa katili. Alikuwa mtu mwenye foleni ndefu mlangoni aliyezoea kutoulizwa, na sisi ndio tuliomzoesha.

Shemeji hakumfukuza dada. Baada ya miaka miwili alioa mke mwingine, akamjengea palepale uani, na watoto wakaanza kuzaliwa. Verediana ndiye aliyewaogesha. Nikienda kumsalimu Nyantakara nilimkuta ana mtoto mapajani na mwingine anamvuta kanga, anawatania kwa Kisubi mpaka wanajikunja kwa kicheko. Nilikunywa chai haraka, nikasema nina madaftari ya kusahihisha, nikaondoka. Kila nilipofundisha shuleni somo la methali niliruka ile isemayo mficha uchi hazai. Wanafunzi wangu walimaliza darasa la saba bila kuisikia kutoka kwangu.

Miaka ikapita mingi. Dada akaanza kusumbuliwa na mgongo, nikampeleka kwenye kituo kingine cha afya, mimi tena, msomi wa ukoo. Tukakuta daktari kijana, anayeweza kuwa mwanangu. Alimwamkia dada, akamsubiri aitikie, ndipo akamwomba alale ampime. Alipoona kovu akauliza ni la nini, nikamweleza. Akauliza kama alikuwa ameshapata watoto wakati ule. Nikasema hapana.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nikamuuliza, "Daktari, kingeweza kubaki?"

Akafikiri kwanza, akasema, "Mama, siwezi kukudanganya. Kuna uvimbe unaoweza kutolewa peke yake kizazi kikabaki, na kuna usioweza. Ule wake sikuuona. Labda ndiyo, labda hapana. Wa kujibu swali hilo ni daktari ambaye angemwona kabla hajapasuliwa."

Dada yuko kitandani, anatutazama. "Anasemaje?" akaniuliza kwa Kisubi.

Swali lilelile, mwanangu. Nikamtafsiria daktari alivyosema, neno kwa neno, hata ile labda. Kisha nikaendelea, kwa sababu nilipofungua mdomo haukufungika tena. Nikamwambia kwamba siku ile sikusema aliyoniagiza. Kwamba alisema yote yale na mimi nikasema amekubali. Daktari kijana hakuelewa lugha, lakini alielewa kilio, akatoka akatufungia mlango.

Verediana alikaa kitako, akavaa blauzi yake vizuri, kifungo kimoja kimoja. Nilimngoja anipige au anitukane. Akasema, "Kumbe uliogopa." Nikaitikia. Akasema, "Ungeniambia unaogopa. Mimi ndiye niliyekulea, woga wako naujua. Ningekushika mkono tukaondoka." Akateremka kitandani, akaniambia nimwite daktari arudi, maana mgongo bado ulikuwa unauma.

Hakulisema tena mpaka alipofariki, mwaka juzi. Watoto wa mke mwenzake ndio waliombeba na kumzika, na walimlilia kama mama aliyewazaa. Hilo linanifariji. Haliniondolei lile jingine. Daktari yule wa kwanza huenda alikuwa sahihi, huenda hata wa Ngara angesema vilevile, na ndiyo adhabu yangu kwamba sitajua kamwe. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sikuwaachia wajukuu wa dada yangu nafasi ya kuja, yakaja majuto peke yake.

Sasa nakuona wewe, mwanangu ambaye sikukuzaa, na simu yako mfukoni, unampeleka mama yako hospitali. Unajua mengi kuliko nilivyojua mimi, lakini woga ni uleule. Juzi binti wa jirani yangu kaniambia daktari kamkaripia, kamwambia kama hamwamini akaiulize simu yake impasue. Msichana karudi nyumbani kulia. Nikamwambia ninachokwambia wewe.

Ukienda kumsemea mtu, kumbuka umekwenda na mdomo wa kuazimwa. Mwenye maneno ni yule anayelala kitandani. Akisema mengi, sema mengi. Usiyapunguze ili daktari asikasirike, wala usiyapambe ili akuone umesoma. Kama yamekushinda kuyabeba, mgeukie mgonjwa umwambie yamekushinda. Atatafuta mwingine, au mtatoka wote. Hiyo si aibu. Aibu naijua mimi ilivyo.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji ni sawa. Kwa kisu aulizwe, tena aulizwe mara mbili, na akitaka kuuliza mahali pengine apewe barua yake na vipimo vyake aende. Kuomba daktari wa pili si kumtukana wa kwanza. Fundi mzuri haogopi mwenzake kuja kupima ukuta. Usijibu ukali kwa ukali, omba kwa adabu, rudia kwa adabu, na akikataa mtafute mkubwa wake hapohapo hospitalini umweleze. Lakini kama damu inatoka na uhai unapotea, usizunguke na karatasi mkononi, mwache daktari afanye kazi yake upesi, ukaulize baadaye. Ila pale usipoharakishwa na mauti, usikubali kuharakishwa na hasira ya mtu. Na daktari akikuvuta pembeni akusifu kwamba wewe ndiye mwelewa, mtazame kwanza uliyekuja naye, uone amebaki wapi.

Haya, nimemaliza. Mungu akulinde na maradhi, wewe na uzao wako, na yakikufika akukutanishe na tabibu anayeitikia salamu. Wa kukusemea awe mtu anayekupenda kuliko anavyojipenda. Na siku utakaposema wewe kwa ajili ya mwingine, Mungu akupe kumaliza sentensi yake.