Hedifoni za Mzee Gathogo

Kwa miaka kumi na mmoja Emmaculate Nafula alikuwa amefundisha kwaya ya jumuiya yao kule Gitothua, na kwa muda huo wote hakuna aliyewahi kumpa wimbo ulioandikwa nota. Nyimbo zilimfikia kwa simu. Mtu wa parokia nyingine angerekodi kwaya yao ikiimba misa, amtumie kwa WhatsApp, na yeye abaki na kazi ya kuuchambua wimbo: soprano inapita wapi, alto inapita wapi, teno na besi zinaachana wapi. Akishaipata sauti moja huiandika kwa do-re-mi kwenye daftari la shule, kisha anarudi mwanzo kuitafuta nyingine.

Kazi hiyo aliifanya akitembea. Nyumbani kulikuwa na wajukuu na televisheni. Kibandani kwake mjini Ruiru, alikoshona sare za shule, cherehani tatu zilinguruma tangu asubuhi. Wakati wake ulikuwa zile dakika thelathini na tano za kwenda kazini na nyingine za kurudi, kwenye njia ya miguu inayopita kando ya ua wa shamba la kahawa, mbali na magari.

Mwezi wa tatu Mzee Gathogo alifunga studio yake. Ilikuwa studio ndogo mjini Thika, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu, na kwaya nyingi za upande huo zilikuwa zimerekodi kwake. Mgongo ulikuwa umemkatalia kukaa kitini siku nzima. Akaanza kugawa vitu vyake kwa watu aliodhani watavitumia, na Emmaculate, aliyekuwa amempelekea kwaya yake mara tatu, akapewa hedifoni. Zilikuwa kubwa, nyeusi, na sponji za kufunika sikio zima.

"Hizi ndizo nilizozitegemea," mzee akamwambia. "Spika zinaweza kukudanganya. Hizi hapana. Hata mtu akimeza mate kabla ya kuimba, utasikia."

Zawadi ilikuja wakati mzuri, kwa kuwa iafoni zake za barabarani, zile ndogo za kuingiza sikioni, zilikuwa zimekatika waya. Kesho yake asubuhi akazivaa zile hedifoni, akafungua wimbo mpya wa Pentekoste, akaanza kutembea.

Hakusikia karibu chochote. Akaongeza sauti ya simu hadi mwisho. Soprano ilimjia kama mtu anayeimba ploti ya tatu kutoka kwake. Alto hakuipata kabisa. Akachomoa waya, akaupangusa, akaurudisha. Akajaribu wimbo wa zamani anaoujua neno kwa neno, nao ukawa mbali vilevile.

Hakuwaza hata mara moja kwamba kosa ni la hedifoni. Kitu ambacho Mzee Gathogo alikitegemea miaka ishirini hakiwezi kuwa kibovu. Basi kibovu ni kingine, na Emmaculate alidhani anakijua.

Kabla ya kuanza kushona, alifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha nguo huko Thika, kwenye mashine za kusuka. Humo ndani, kwa ajili ya kelele, watu walizungumza kwa kusomana midomo. Aliyesimama mashine ya pili kutoka kwake alikuwa Apiyo, rafiki yake mpaka leo, na Apiyo sasa hasikii. Kelele anazisikia, maneno hayapati. Siku moja alimsimulia Emmaculate jinsi ilivyoanza. "Ilianza na nyimbo za kanisani," alisema. "Nilidhani watu wameacha kuimba kwa nguvu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomrudia pale njiani. Jioni akajaribu kupiga wimbo kwa spika ya simu, ukasikika, lakini hilo halikumtuliza. Kelele hata Apiyo anazisikia.

Tangu siku hiyo akaanza kuweka pamoja mambo ambayo zamani angeyapuuza. Mteja mmoja alisema amemwita mara tatu mlangoni. Mjukuu alimuuliza mbona televisheni iko juu hivyo. Kwenye mazoezi ya kwaya alisimama karibu zaidi na waimbaji, akiwatazama midomo, kisha akajikuta anajiuliza tangu lini anawatazama midomo. Mwanawe Wekesa hakuambiwa. Aliogopa kwamba akilitamka litakuwa kweli.

Wiki ya tatu, baada ya mazoezi, alimwita Muli. Muli alikuwa msaidizi wake kwenye kwaya, mwimbaji wa besi na fundi wa mabomba ya maji, mtu mnene na mpole.

"Chukua hili daftari jipya," Emmaculate akamwambia. "Anza kujifunza kuandika nota. Anza na alto ya ule wimbo wa Pentekoste."

"Mimi, Mwalimu? Kwani unasafiri?"

"Sisafiri. Jifunze tu. Kuna siku utasimamia wewe."

Muli akaliweka daftari kwapani, akaondoka.

Jumanne iliyofuata Emmaculate alifunga kibanda na kwenda Thika, hospitali inayopima masikio. Aliyempima alikuwa msichana mmoja, Waceke, mwenye sauti ya taratibu. Alimketisha katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, akampa kitufe mkononi, akamwambia akibonyeze kila akisikia mlio. Milio mingine ilikuja wazi. Mingine ilikuwa myembamba hivi kwamba hakujua kama ameisikia au ameitamani.

Baadaye Waceke aliweka karatasi mezani, mistari miwili ikipanda na kushuka.

"Mama, umewahi kufanya kazi kwa kelele?"

"Kiwanda cha nguo. Miaka kumi na minne."

"Inaonekana. Hapa mwisho, sauti nyembamba sana, kama za ndege wadogo, pameshuka kidogo." Waceke akasogeza kalamu yake katikati ya karatasi. "Lakini hapa pote, pa kuongea na pa kuimba, uko sawa. Sawa kabisa. Kuna watu wa miaka thelathini wanakuja hapa hawafiki hivi."

Emmaculate aliiangalia karatasi. Alitaka kufurahi, lakini hakuamini.

"Basi mbona alto siisikii?"

"Alto gani?"

Ndipo akaeleza yote, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote: kwaya, nyimbo za simu, njia ya kazini, Apiyo, zile wiki tatu. Waceke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na unasikiliza na nini, mama?"

Emmaculate akazitoa hedifoni kwenye kiondo, zimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha sare. Waceke akazivaa, akachomeka kwenye simu ya Emmaculate, wimbo ukaanza. Akakunja uso. Akaongeza sauti hadi mwisho. Akazichomoa, akachomeka kwenye simu yake mwenyewe, akatafuta wimbo mwingine, akasikiliza tena.

"Mama," akasema, "hata mimi sisikii. Au na mimi niketi nipimwe?"

Emmaculate akarudi kuketi kwenye kile kiti cha kupimiwa, ingawa hakuna aliyemwambia aketi. Alifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, na Waceke alipomsogelea akidhani analia alikuta anacheka. Alicheka mpaka akaletewa maji.

"Si masikio," alisema. "Si masikio yangu."

"Si masikio. Lakini nisikize, mama. Ukizitengeneza hizi, usipandishe sauti sana. Mtu akikuita akiwa kando yako, umsikie. Hayo uliyo nayo ni mazuri, uyatunze."

Kutoka hospitalini alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Gathogo. Alimkuta uani akianika maharagwe, akamweleza. Mzee akajishika kichwa.

"Ngai," akasema. "Sikukuambia."

"Kuniambia nini?"

"Hizi hazikutengenezewa simu. Koili zake ndani, zile nyaya zinazotikisa sauti, ni ngumu kusukuma. Kwangu zilikuwa zimechomekwa kwa mashine ya umeme, miaka yote, hata nikasahau kwamba mashine iko. Simu yako inaziweza iafoni ndogo. Hizi inazitekenya tu." Akapangusa mikono. "Unahitaji amplifaya. Si ile ya kanisani. Kuna za mfukoni, za kuchaji. Inakaa katikati ya simu na hedifoni, ndiyo inasukuma."

"Wiki tatu, Mzee, nimejiona kiziwi."

"Nimekukosea, Mwalimu. Ngoja nivae viatu."

Wakaenda pamoja hadi duka la Ouma, kijana wa vifaa vya umeme ambaye Mzee Gathogo alikuwa amenunua nyaya kwake miaka mingi. Ouma alitoa ya kwanza bila kufikiri. Ilikuwa nzito kama mche wa sabuni, na mataa ya buluu.

"Hii mama ndiyo moto," alisema. "Wote wanachukua hii."

Emmaculate akavaa hedifoni. Kabla wimbo haujaanza, kulikuwa na sauti ya chini, shhh, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Aligusa kinobu cha sauti kidogo tu na kwaya nzima ikamrukia. Besi ilimpiga kifuani. Akazivua haraka.

"Hiyo ina nguvu kuliko shida yako," Mzee Gathogo akasema. "Ukiipandisha kidogo tu umepitiliza. Na hiyo shhh itakuwa inakaa pale pale alto inapokaa."

Ya pili ilikuwa ndogo kama kidole gumba, haina betri, inaning'inia kwenye tundu la kuchajia simu. Hiyo ilikuwa safi. Emmaculate alisikiliza ubeti mzima na karibu aseme ndiyo. Lakini tundu la simu yake lilikuwa limelegea, hata chaja aliishikilia kwa mpira wa madaftari, na kila alipotikisa mkono wimbo ulikatika. Tena ilikunywa chaji ya simu, na simu hiyo ndiyo wateja wa sare walimpigia mchana kutwa. Akairudisha mezani polepole, kwa kuisikitikia.

Ouma alikuna kichwa, akaingia nyuma, akarudi na boksi lenye vumbi. Ndani mlikuwa na kisanduku cha chuma, bapa, kipana kama viberiti viwili, chenye kinobu kimoja na swichi ndogo ubavuni.

"Hii hainunuliwi sana," alisema. "Haina mataa. Hii swichi ukiiweka juu inapiga kwa nguvu, ukiiweka chini inapiga taratibu. Chaji inakaa muda wa saa tisa hivi."

"Weka chini," akasema Mzee Gathogo. Kisha akaweka simu ya Emmaculate juu ya kile kisanduku na kumwambia Ouma aipigie. Emmaculate akasikia trrr, trrr masikioni kabla simu haijalia. Mzee akazitenganisha kwa upana wa kiganja, Ouma akapiga tena, na trrr ikaisha.

"Simu mfuko huu, hiki mfuko ule," mzee akasema. "Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la kuvumilia. Haya, sikiliza."

Emmaculate akageuza kinobu mpaka robo. Hakuna shhh. Wimbo wa Pentekoste ukaanza, soprano peke yake, karibu, kila neno mahali pake. Kisha soprano ikatulia, na katika ule ukimya mfupi alisikia wanawake wengi wakivuta pumzi kwa pamoja. Alto ikaingia. Ilishuka pale ambapo hakutarajia ishuke, ikatambaa chini ya teno, ikapanda tena. Ouma alikuwa anamuuzia mtu mwingine balbu. Mzee Gathogo alikuwa ameegemea kaunta, mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo.

"Unasikia?" mzee akauliza, kwa sauti ya kawaida.

"Nasikia wote," akajibu bila kuzivua. "Na wewe nakusikia."

Akakinunua. Ouma akafuta vumbi kwenye boksi kabla ya kumpa.

Jumatano asubuhi alto ilikuwa imekamilika daftarini kabla hajafika kibandani, na teno nusu. Mchana akampigia binti ya Apiyo, akampa jina la Waceke na siku anazopima. Hakuahidi kitu, ila alisema pengine kuna kinachoweza kufanyika, na kwamba yeye mwenyewe atamsindikiza Apiyo ikiwa hataki kwenda peke yake. Jioni akamwambia Wekesa habari yote, na Wekesa akakasirika kidogo kwa kufichwa, kisha akaomba azijaribu hizo hedifoni.

Jumamosi Muli alifika kanisani wa kwanza. Alifungua daftari lake mbele ya Emmaculate. Ukurasa ulikuwa umefutwa na kuandikwa na kufutwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Mwalimu, hiyo alto imenishinda," alisema. "Nimekaa nayo wiki nzima. Kama unaondoka, tafadhali tafuta mtu mwingine. Mimi niachie besi yangu."

"Siondoki, Muli."

"Huondoki?"

Akamweleza kwa kifupi. Muli akajitupa kwenye benchi kwa uzito wake wote.

"Sisi tulidhani ni ugonjwa," alisema. "Ule ambao mtu hasemi. Mke wangu amekuombea kila jioni."

"Mwambie asante sana. Nafasi yangu ya maombi sasa ampe mwingine kwenye foleni."

Muli akacheka, akatoa leso, akajipangusa uso na shingo. Halafu akauliza, kwa wasiwasi kidogo, kama bado anatakiwa kujifunza nota.

"Utajifunza," Emmaculate akasema. "Lakini tutaanza na besi, na hakuna haraka."

Waimbaji walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wakiweka miavuli yao nyuma ya mlango. Emmaculate akangoja mpaka wanawake wa alto wapatikane wanne, akawaita mbele, akafungua daftari.

"Ninyi leo ndio mnaanza," akawaambia. "Sikilizeni mnavyoshuka hapa."