Ukuta wa Jiko la Ghorofa ya Nane

Siku niliyoshinda ubishi mkubwa kuliko wote maishani mwangu, mwanangu, ilikuwa Jumapili, hapa Homa Bay, katika ghorofa ya nane ya jumba linalotazama ziwa. Nilikuwa kijana bado, ndevu nyeusi tititi, nimerudi kutoka Doha na diploma yangu ya ujenzi. Nakwambia bila haya: katika kaunti hii hakuna aliyenizidi kwa kumalizia nyumba, yaani vigae, rangi, mabomba na milango.

Jumba lilikuwa la Mama Awuor, mjane aliyetajirika kwa biashara ya samaki, na kila nyumba ndani yake ingeuzwa peke yake. Msanifu wa majengo kutoka Nairobi alileta ramani nzuri ya kutazama. Jiko halikuwa na ukuta. Ukifungua mlango wa mbele, macho yanatua kwenye meko. Vigae vyote vyeupe, vinang'aa mpaka unajiona meno.

Nikasema, "Hapa panahitajika ukuta. Na vigae hivi jua la jioni likivipiga, mtu atavaa miwani sebuleni kwake."

Msanifu akacheka. "Bro, watu siku hizi wanataka nafasi. Hii si boma ya babu yako."

"Hata wewe una mama mkwe," nikamjibu.

Mama Awuor akanikazia macho. "Omondi, nimekuajiri uweke vigae au uhamishe kuta? Jumapili nafungulia wanunuzi nyumba ya maonyesho. Neno moja zaidi, unabeba vyombo vyako unaenda."

Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nirudi. Nikiipoteza, mji mzima ungesema Doha nilikuwa nafagia. Jioni nikamwambia shangazi yangu, tunayemwita Waya, kwamba naacha kazi mwenyewe kabla sijafukuzwa.

"Diploma yako ndiyo imekufundisha kukimbia?" akaniuliza. "Umesema ukweli, wamesikia. Sasa nyamaza, fanya kazi yako vizuri, uache nyumba iwaambie."

Maneno hayo yaliniuma, lakini nilimtii. Nilivipanga vile vigae vyeupe kwa unyoofu ambao mpaka leo hujauona mahali pengine.

Jumapili ikafika. Mama Awuor alitaka wageni wanuse upishi, kwa hiyo akafunga leso kiunoni akaanza kukaanga samaki wa ngege mwenyewe. Wanunuzi wakapanda na lifti. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa mwalimu kutoka Migori, aliyekuja na wenzake wanne wa chama chao cha akiba, wote wakitaka kununua. Mwalimu huyo alikuwa mume wa binti ya Mama Awuor.

Mlango ukafunguliwa. Mkwe akamwona mama mkwe wake mbele ya meko, leso kiunoni, mafuta yakimrukia.

Mwanangu, wewe unajua sisi hapa heshima ya mkwe ni kitu gani: mkwe hamtazami mama mkwe wake akiwa jikoni! Mwalimu aligeuka akautazama ukuta wa korido. Mama Awuor akachutama nyuma ya friji, mwiko mkononi.

"Mama, samahani sana!" mwalimu akaita, bado ameupa mlango mgongo. "Lakini hapa siwezi kuingia. Na nikinunua, wewe ukija kutusalimia utakaa wapi?"

"Kweli kabisa," wenzake wakasema, wakaanza kurudi kwenye lifti.

Kutoka nyuma ya friji ikatoka sauti: "Omondi! Ukuta! Leo hii!"

Niliwazuia wageni hapohapo, nikachora ukuta kwa chaki sakafuni: jiko lenye mlango wake kutoka korido. Nikawaahidi na vigae vya rangi ya mchanga visivyong'aa. Wote watano wakanunua. Nyumba zote zikaisha, na msanifu yule sasa hachori jiko upande huu wa ziwa bila kunipigia simu. Majumba matatu ya Migori nimeyamaliza mimi.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Kabla hujachagua rangi wala bomba, uliza nani atapika humo na nani atakuja kusalimia. Ukiona kosa, liseme wazi mbele ya mwenye mali, kisha baki kazini, usisuse. Na ukishinda, jisifu kidogo, umefanya kazi.

Mungu aipe nguvu mikono yako, na kila mlango utakaoutundika uingiwe na watu wenye furaha.