Picha za Mama Kwenye Kompyuta ya Suji

Juzi mjini Same nilimwona fundi akichomeka flashi aweke mfumo endeshi mwepesi wa bure kwenye kompyuta kuukuu, nikakumbuka mchana mmoja kule kijijini kwetu Suji, nilipokuwa mtoto. Mjomba alifunua kitambaa alichokifuma marehemu mama kufunikia kompyuta yetu. Ilinuka vumbi lililopata moto.

"Mwanangu, nikiweka mfumo mpya, vya zamani vyote vinafutika. Kuna cha kutunza?"

"Hakuna, mjomba. Weka tu."

Nilidhani picha za mama zinakaa kwenye kioo, na kioo hakukigusa.

Jioni kompyuta iliwaka upesi kweli. Baba akauliza, "Mama yako yuko wapi humu?"

Mjomba alinitazama. Simlaumu, aliuliza. Labda mtoto hakupaswa kuulizwa, sijui. Baba alirudishia kitambaa, na hakukifunua tena.