Kuziba Mfongo

Walipomaliza kuniondoa titi kule Moshi nilidhani tumemalizana. Kumbe! Daktari akanipa vidonge: kimoja kila siku, miaka mitano. Saratani yangu, akasema, ni ile inayolishwa na homoni ya kike, na huenda kuna mabaki yamejificha mwilini. Kidonge hakikaushi homoni. Kinakaa kwenye mlango wa seli ya saratani, homoni ikija inakuta pamezibwa.

Nikarudi Masama, joto likanianza. Mwezi wa saba, ukungu umelala migombani, wenzangu wamejifunga mablanketi, mimi jasho linanitiririka! Nililia kwa hasira. Mama mkwe, ninayeishi naye boma moja, akaja juu.

"Titi si lilishatolewa? Achana na hayo madude yanayokuunguza!"

Nilivyochoka, nilitaka kumsikiliza.

Asubuhi moja nikamkuta shambani ameinama, anakandamiza udongo kwenye mfongo, mfereji wetu wa tangu enzi za mababu. Huku kwetu, kama si zamu yako, unaziba mdomo wa shamba lako ili maji yapite kwenda kwa jirani. Kazi hiyo hamwamini mtu.

"Mama, si uliziba jana?"

"We! Maji yanachoka? Usipoangalia kila siku yanatoboa."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Basi ndicho kidonge changu hicho, mama! Homoni ndiyo maji. Inapita, haiingii. Nikiacha leo, gugu lililobaki litakunywa."

Akanitazama, mikono imejaa tope. Kesho yake, kabla sijampa shikamoo, sauti ikatoka jikoni: "Umeziba?"

Miaka mitano! Niwe na homa, tuwe na wageni, tuwe tumenuniana: "Umeziba?" Siku nyingine nilitamani kumrushia sufuria. Lakini nilimeza.

Desemba iliyopita daktari alinipima, akasema niko salama, vidonge basi. Krismasi ukoo mzima ukapanda nyumbani, mbuzi akachinjwa. Kata ya kwanza ya mbege, pombe ya ndizi, kwetu hupewa mwanamume mkubwa. Mama mkwe akaichota, akawapita wanawe wote wamekodoa macho, akaja kusimama mbele yangu.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Leo zamu ni yako."

Nikanywa huku nalia, wala sikumwonea mtu haya.