Kura ya Mwalimu Zefania

Usiku ule nililala nikijipenda. Sifichi. Jioni yake shoga yangu Kidawa, ambaye macho yake yamefunga mwaka huu, alimwita mwenyekiti wa kitongoji, na mbele yake akasema siku ya kura hataki kuingia na mwanawe wala mkwewe, ataingia na Mama Saidi. Mama Saidi ni mimi. Asiyeona anaruhusiwa kuchagua mtu mmoja wa kumwekea alama, na yeye kanichagua mimi. Mwenyekiti akasema hapo umepata, huyu hana mambo ya kona kona. Nikainamisha kichwa kidogo kama wanavyofanya watu wakubwa wakisifiwa. Nikarudi kwangu, nikala ugali na mlenda, nikajinyoosha kitandani huku bado natabasamu mwenyewe gizani.

Kisha Mwalimu Zefania akaja.

Mwalimu Zefania ndiye aliyenifundisha kusoma, mtu mzima mimi, mama wa watoto wanne, kwenye kisomo cha jioni ndani ya ghala la ushirika. Mimi na Kidawa tulikaa dawati moja, dawati la watoto, magoti yanatugonga kidevu. Alikuwa akinitania kwamba nashika chaki kama nasonga ugali, na wenzangu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini akimaliza kunitania anakuja nyuma yangu, anaushika mkono wangu ndani ya mkono wake, tunaandika pamoja. Ni miaka mitano sasa tangu tumzike.

Ndani ya ndoto ni mchana, jua limepanda, nami nimo ghalani. Kunanuka kahawa mbichi na magunia. Mwalimu anafuta ubao kwa kiganja, kama zamani, na vumbi la chaki limemjaa kwenye nyusi. Macho yake mazima kabisa. Nashangaa kwamba anaona, maana alikufa kipofu, lakini kwamba amekufa na yuko pale wala hakunishangazi. Ananiita Fatuma. Siku hizi hakuna tena anayeniita hivyo, kwa wote mimi ni Mama Saidi au Bibi. Naitikia, nasimama, na nikisimama lile dawati halipo tena. Kuta za ghala zimekuwa kuta za shule yetu ya msingi, mbele yangu kuna foleni, na Mwalimu amezeeka, amefumba macho, mkono wake umenilalia begani. Mzito. Nauhisi uzito wake mpaka kwenye kisigino.

Hapa ndoto haikubuni kitu. Ndivyo tulivyosimama siku ile ya kura, miaka mitano iliyopita. Alikuwa mgonjwa, alitoka kitandani kwa shida, tukapumzika njiani mara nyingi. Njia nzima alinieleza anayemtaka. Alimtaka Mama Rehema, yule mkunga aliyestaafu, awe diwani. Alisema mwanamke aliyezalisha nusu ya kata hii kwa taa ya mkononi hatashindwa kuilinda chemchemi yetu. Nikawa naitikia, ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu. Na moyoni nina langu. Mgombea mwingine alikuwa Hamza, mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni. Nilishaona jinsi nitakavyokaa viti vya mbele, mama mdogo wa diwani.

Tulipofika mezani karani alimuuliza Mwalimu huyu aliyekuja naye ni nani. Mwalimu akajibu:

"Huyu nimemfundisha mwenyewe."

Karani akanipa karatasi.

Tukaingia nyuma ya boksi lile wanaloliita kituturi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Hamza ananitazama kutoka kwenye picha, na Mama Rehema ananitazama. Nikasema rohoni, huyu mzee anakufa, kura ya nini kwake? Nasema kama nilivyosema, sitaki kulipamba. Nikaweka alama ya vema kwa Hamza. Vema nzuri, mkia umenyooka, kama alivyonifundisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeweka. Nikamwambia nimeweka, Mwalimu. Akaichukua karatasi, akaikunja mwenyewe, akapapasa sanduku mpaka akaupata mlango wake, akaitumbukiza kwa mkono wake. Akatabasamu. Wakati wa kurudi, kila tuliyekutana naye njiani alimwambia kwamba mwanafunzi wake amempigisha kura. Kila mmoja. Hata wachuuzi wa viazi waliokuwa wanapita tu.

Alikufa kabla ya mvua za vuli kwisha, na hakujua.

Basi katika ndoto tuko nyuma ya boksi lile lile, kalamu naishika, na mara boksi linalala chini pande zote kama jani la mgomba lililokatwa. Foleni nzima inaniona. Wako pale wote wa kisomo, wazima na marehemu, wanawake wale wale tuliocheka pamoja, na hakuna anayecheka. Naifunika karatasi kwa kiganja. Mwalimu amefungua macho.

Ananiambia, nisomee.

Nataka kusoma Mama Rehema. Nalitafuta jina lake, naliona kabisa, herufi moja moja, lakini mdomo wangu haulishiki. Kila nikifungua mdomo kinatoka kilio cha mtoto mchanga, na ni kilio cha Hamza, nakijua, ni mimi niliyekibembeleza. Naona aibu mpaka miguu inataka kukimbia bila mimi. Naanza kujitetea. Namwambia Mwalimu, Hamza alishinda kwa kura nyingi, alimwacha mama yule mbali sana, hata ningeiweka ya kwako mahali pake isingebadili kitu. Namwambia na wakubwa huko juu wanafanya makubwa kuliko haya, tunasikia kwenye redio kila uchaguzi, masanduku yanapotea mazima mazima, nani anakuja kuwauliza? Maneno yananitoka mengi, yanajaa chumba kama pumba.

Anasubiri nimalize. Alikuwa hivyo hata darasani.

"Sikuuliza nani alishinda, Fatuma. Nauliza yangu iko wapi."

Nainama kwenye sanduku kuitafuta. Natia mkono, karatasi ni nyingi, natia mpaka kiwiko, mpaka bega. Kila ninayoitoa nje ina vema moja, na kila vema ni ya mwandiko wangu. Naitupa, natoa nyingine. Ni yangu. Natoa nyingine. Ni yangu. Na sanduku halina tena chini, kuna baridi huko ndani, na nasikia maji. Nikitazama naiona chemchemi yetu, ile tuliyokuwa tunachota, ilivyokuwa kabla miti yake haijakatwa. Hamza ndiye aliyeruhusu ikatwe. Siku hizi juu pale pana kabichi zake mwenyewe, na wanawake wanashuka mpaka bondeni na ndoo kichwani. Mimi pia nashuka. Na nikiwa kule bondeni nimemtukana sana, nimewatukana viongozi wote wa nchi hii, nimewaita wezi na waongo, na wenzangu wananiitikia, ee, sema Mama Saidi. Katika ndoto nayasikia matusi yangu yote yanarudi kutoka majini, kwa sauti yangu, na anayetukanwa hatajwi jina.

Mwalimu anakuja nyuma yangu. Anaushika mkono wangu ndani ya mkono wake, kama zamani, nami nadhani tutaandika. Nafurahi jinsi mtoto anavyofurahi. Hatuandiki. Anautoa sandukuni, anaugeuza, anautazama kiganjani kama mtu anayetazama embe kama limeoza. Hana hasira. Angekuwa na hasira ningepona.

"Kidawa mwambie mkono anaoushika ni wa nani."

Akauachia. Nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka, majogoo yanawika. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, niliulalia usiku kucha, nikausugua mpaka ukachoma kama siafu. Nikakaa kitandani. Nikataka kuiita ile ndoto ndoto ya tumbo zito, mlenda wa usiku. Mtu akitaka kujidanganya hakosi cha kushika. Lakini siku ya kura ilikuwa imebaki siku nne, na Kidawa alikuwa kashasema mbele ya mwenyekiti. Na tena niseme yote: Hamza anagombea tena, na mimi nilishaanza kusikia kwa mbali kile kijineno changu cha siku ile. Kwamba Kidawa haoni. Kwamba hatajua. Ndicho kilichonitisha kuliko marehemu.

Sikuchemsha hata chai. Nikajifunga khanga, nikaenda.

Nilimkuta Kidawa barazani anachambua maharage kwa vidole, haraka kuliko mimi ninayeona. Alinijua kwa hatua. Akanitania kwamba kumbe kufa kwa macho kuna faida, sasa anatembelewa alfajiri kama bibi harusi. Sikucheka. Nikamweleza. Sikuanza na ndoto, nilianza na siku yenyewe, na boksi, na kalamu, na vema. Nilitaka niliseme lote bila kujificha nyuma ya maiti. Ndoto nilimwambia mwisho. Nimezaa watoto sita na nimezika wawili, lakini kusema maneno yale kuliniuma mahali pengine kabisa, mahali ambapo sikujua kama pana mshipa.

Vidole vyake viliacha maharage.

Akaniuliza, "Na yeye alijua?"

Nikamwambia hakujua. Nikamwambia alinishukuru njia nzima.

Nilitamani anitukane, Kidawa anajua kutukana, akiamua anakutukana mpaka babu yako anageuka kaburini. Hakunitukana. Aliyasogeza maharage mabovu upande mmoja wa ungo, moja moja, mpaka akayamaliza.

Kisha akasema, "Siku hiyo utanipeleka, njia ya shuleni ina mawe na Amina hana subira. Lakini ndani nitaingia na Amina."

Amina ni mkwewe. Kidawa humsema kutwa kwamba hajui hata kuosha mchele. Nikasema sawa.

Nilikwenda pia kwa mwenyekiti nikamweleza kwa nini jina langu lifutwe. Aliniambia taratibu kwamba mambo ya zamani yangebaki zamani, nisijivunjie heshima uzeeni. Nikamwambia heshima ile haikuwa yangu, nilikuwa naitumia tu. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umejua. Hamza alinipigia simu, nikamwambia nampenda kama mwanangu, na kura yangu safari hii sitampa, na sababu aende akaitazame juu chemchemini. Akakata simu. Dada yangu naye hajanisalimia mpaka leo.

Siku ya kura nilimshika Kidawa mkono tangu mlangoni kwake. Hatukuongea mengi, nilimtajia mawe tu. Shuleni Amina akampokea, wakaingia, nami nikabaki kwenye foleni na watu wananitazama kwa pembeni, na wanaojifanya hawanitazami ndio walioniumiza zaidi. Nilipofika mezani, karani, kijana mgeni asiyejua habari zangu, alitazama mvi zangu, akaniamkia shikamoo, akaniuliza kama kuna mtu niliyekuja kumsaidia.

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Nimekuja na yangu tu."